Sakafu ya Serikali

Kila asubuhi, kabla jua halijaanza kuchoma, Nyamizi alikwenda kwenye kona ya Mwinamo akiwa na birika la maji mkononi. Waliomwona kwa mara ya kwanza walidhani anakwenda kumnawisha mgonjwa. Alifika, akainama, akamwaga maji juu ya lami, akangoja yatandae. Kisha aliweka chini chombo chake chenye miguu mitatu na mkono unaobembea. Mwisho wa mkono ule palikuwa na kipande cha mpira, kinene kama soli ya kandambili, na kazi ya mpira huo ilikuwa kuigusa lami kidogo tu wakati wa kupita. Lami ikiwa na mshiko, mkono ulichoka mapema. Lami ikiwa laini, mkono ulipaa upande wa pili kama mtoto kwenye bembea.

Nyamizi aliandika alichokiona, akakunja miguu ya chombo, akarudi ofisini kunywa chai ya rangi. Hiyo ndiyo kazi aliyoisomea chuoni, ukaguzi wa mshiko wa barabara. Katika Halmashauri nzima ya Mwinamo hapakuwa na mwingine aliyeijua, na kwa sababu hiyo kila mtu alikuwa na ushauri wa kumpa.

Asubuhi moja alikuwa ameshamwaga maji na amekwisha kuushika mkono wa chombo tayari kuuachia, aliposikia ukelele kutoka juu mlimani.

"We dada! We dada, toka hapo! Unamwaga maji kwenye sakafu ya Serikali!"

Akainua kichwa. Barabara nzima ilikuwa imejaa akina mama. Walikuwa wamejifunga kanga viunoni, makopo ya nta nyekundu mikononi, na kila mmoja ameweka mguu wa kulia juu ya nusu kumbi la nazi. Mguu wa kushoto ulisimama, wa kulia ulikwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kama wanavyosugua sebule zao siku ya kuamkia sikukuu. Nyuma yao lami ilikuwa inang'aa hata macho yanauma.

Aliyepiga kelele alikuwa Mama Kidawa, mwenyekiti wa kikundi cha Tupendeze, mwanamke mnene mwenye pumzi za kutosha watu wawili.

"Mama, hii ni barabara," Nyamizi alisema kwa sauti ya chini.

"Naiona. Tena chafu. Mgeni yuko njiani na wewe unamwaga maji. Kwenu mgeni mnampokea hivyo?"

"Hapana, mama. Ila hiyo nta... pengine itafanya pawe laini kidogo kwa magari."

"Ndiyo maana tunapaka, mwanangu," Mama Kidawa alisema kwa huruma, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini uji una sukari. "Pawe laini."

Akayafuta maji ya Nyamizi kwa ncha ya kanga yake, akapaka nta, akaweka kumbi, akaendelea.

*

Nchi hii haimo kwenye ramani, na msomaji asijisumbue kuitafuta, hasa kwa kuchungulia dirishani. Inatosha kujua kwamba ilikuwa na Wizara ya Barabara na Haiba, na kwamba Waziri wake, Mheshimiwa Mbeleka, aliwahi kupita katika mji mmoja baada ya mvua, akatazama chini kutoka garini, akauona uso wake mwenyewe ndani ya lami. Alilia. Walinzi wake walilia. Dereva naye alitaka kulia ila alikuwa ameshika usukani.

"Barabara inayomtambua kiongozi wake," Mheshimiwa alisema alipopata sauti, "ndiyo barabara iliyokomaa."

Tangu siku hiyo ubora wa barabara za nchi ile ulipimwa kwa kitana. Ofisa aliinama barabarani, akachana nywele zake akijitazama kwenye lami; akiweza kupata njia iliyonyooka upande wa kushoto wa kichwa, barabara imefaulu. Maofisa wenye upara walitumia masharubu. Kulikuwa na kombe, kulikuwa na wimbo, na kulikuwa na Wiki ya Mng'ao ambayo kaulimbiu yake ilikuwa *Mgeni njoo, mwenyeji apone*.

Mwaka huu Mheshimiwa alikuwa amechagua kuja Mwinamo. Mji wenyewe ulikaa mlimani. Juu palikuwa na zahanati, chini bondeni palikuwa na hospitali, na kati yake palikuwa na barabara moja yenye kona moja kali, ile ya Nyamizi.

Akina mama walipoondoka Nyamizi alipima kona, kisha akaenda kumwona Mkurugenzi. Bwana Lukindo alikuwa mzee mpole, amebakiza kidogo kustaafu, na uchovu wake ulikuwa umemkolea kama chai iliyosahauliwa jikoni. Alimpenda Nyamizi kama binti yake, ndiyo maana hakuwahi kumsikiliza.

"Shikamoo, Mkurugenzi."

"Marahaba, mwanangu. Keti. Umeiona barabara? Hata mimi leo nimejiona. Nimezeeka."

"Nimeiona. Nilikuja kuhusu mshiko. Umeshuka."

"Umeshuka kwenda wapi?"

"Umeshuka... umepungua. Leo mkono wa chombo ulikwenda mpaka mwisho."

"Hongera!" Bwana Lukindo aliinuka nusu, akampa mkono. "Mpaka mwisho! Mambo mengi katika Halmashauri hii hayafiki hata katikati."

Nyamizi aliutazama mkono wa mzee ndani ya mkono wake. Alitaka kusema kwamba mkono wa chombo ukienda mpaka mwisho, gari nalo litakwenda mpaka mwisho. Sentensi ilikuwa tayari, imenyooka, imevaa viatu. Ilipofika mlangoni mwa meno ikaona haya, ikarudi.

"Labda tungeangalia tena," alisema.

"Tutaangalia. Ila si wakati wa maji, mwanangu. Unapima barabara yenye maji kwa nini? Mvua haimo kwenye ratiba."

*

Shida ya kwanza haikuletwa na ajali, ililetwa na matope. Magari yalipita juu ya nta na kuacha alama za matairi, na Mama Kidawa alifika mbele ya kikao cha maandalizi akiwa amekasirika.

"Sisi tunasugua mpaka viuno vinakatika," alisema, "halafu lori la mkaa linapita na matope yake. Nyumbani kwangu hakuna anayekanyaga sakafu na viatu. Hata mkwe wangu, pamoja na ukubwa wake, anavua mlangoni."

Kikao kizima kiliitikia kwa kichwa. Hoja ilikuwa ya adabu, na katika nchi ile hoja ya adabu haikupingwa na mtu.

"Basi magari yavue matairi," alipendekeza ofisa utamaduni.

Jambo hilo lilijadiliwa kwa utulivu hadi wakati wa chai. Baada ya chai mjumbe mmoja aliuliza kama gari lisilo na matairi bado linatembea. Ikabidi waitwe mafundi wawili, ambao baada ya kutazamana kwa muda walithibitisha kwamba halitembei.

"Yasivue," alihitimisha Bwana Lukindo. "Yanawe."

Ndivyo ilivyozaliwa amri ya kunawa. Juu kabisa ya mteremko, mbele ya zahanati, liliwekwa kizuizi, mabeseni na sabuni ya maji. Kila gari, kila pikipiki, kila baiskeli ilisimama, ikasuguliwa matairi mpaka yakatoa povu, kisha ikaruhusiwa kuingia sakafuni ikiwa safi na ikichuruzika.

Nyamizi alikuwepo kikaoni. Aliinua mkono, akapewa nafasi.

"Nilikuwa nafikiri," alianza, "kwamba maji, na sabuni, na nta, na mteremko..."

"Endelea, Mkaguzi."

Watu wote walikuwa wanamtazama. Uso ukamchemka. "Ni vitu vinne," alisema, akakaa.

Iliandikwa kwamba Mkaguzi aliunga mkono.

*

Mumewe, Ngoda, alikuwa dereva wa gari la wagonjwa la zahanati. Kazi yake ilikuwa kuwashusha akina mama ambao uchungu wao umewashinda wakunga wa juu, akiwawahisha kwa madaktari wa chini. Alikuwa mcheshi, mwenye mikono mikubwa, na walikuwa wameoana majuzi tu, kiasi kwamba majirani walikuwa bado wanawauliza habari za ndoa.

"Leo gari limecheza ngoma pale kwenye kona," alisema jioni wakila ugali na kisamvu. "Nimekanyaga breki, likaniuliza, breki ndiyo nini?"

Nyamizi aliacha tonge hewani. "Na mgonjwa?"

"Mgonjwa alisali, mimi nikasali, tukafika. Mbona hivyo, mama mkaguzi? Kula."

"Siku hizi," Nyamizi alisema polepole, "wataalamu wanasema ni vizuri gari kwenda taratibu."

"Wataalamu gani?"

"Wataalamu tu."

Ngoda alicheka. "Waambie wataalamu wako, mtoto akitaka kuzaliwa haendi taratibu."

Nyamizi akatabasamu naye, akamwongezea mboga. Alimtazama akila, zile kucha zake zenye mafuta ya gari ambayo hayakutoka hata kwa ndimu, na moyo ukamwambia: sema sasa. Lakini kumwambia mtu usiende kazini kwa kuwa nakuogopea kulikuwa, kwa mtu kama Nyamizi, sawa na kusimama uchi sokoni. Akauliza kama chumvi imetosha.

*

Baada ya hapo mambo yaliteleza yenyewe. Lori la kabichi lilianza kushuka likiwa linatazama mbele, likafika chini likiwa linatazama lilikotoka. Tume ikaundwa, na tume ikabaini kwamba kabichi ni za mviringo. Mwalimu mkuu alianguka na kuvunjika nyonga. Akaandikiwa barua ya kukumbushwa kutembea kwa heshima akiwa katika maeneo ya Serikali. Halmashauri ikaanzisha mafunzo ya jioni ya namna ya kuanguka bila kuchafua nta. Kwenye kona liliwekwa bango kubwa lililosema: KARIBU MWINAMO. JITAZAME.

Kisha akafa Sengo, muuza maziwa.

Baiskeli yake ilinawishwa juu kama kawaida, wakamtania kidogo, akaingia sakafuni na madumu yake mawili. Hakuwahi kufika kwenye kona. Yaani alifika, ila kona haikumshika.

Msibani Nyamizi aliketi mkekani pamoja na wanawake. Mjane alikuwa kijana tu, na alikuwa anarudia jambo moja kwa kila aliyeingia. "Njia ile aliizoea. Tangu hatujaoana anashuka hapo. Aliizoea." Mama Kidawa alikuwa amekaa kwenye pembe, anatazama unyayo wa mguu wake wa kulia.

Bwana Lukindo alisimama mlangoni akasoma salamu za Wizara. Wizara ilisikitika. Wizara ilipenda pia kuwajulisha wafiwa kwamba, kwa mujibu wa taarifa zilizopo, marehemu alifika bondeni kwa muda mfupi kuliko mtu yeyote aliyewahi kushuka kwa baiskeli, jambo linaloonyesha jinsi barabara zetu zinavyopunguza muda wa safari. Sauti ya mzee ilikuwa inapungua kadiri alivyosoma, na mwisho haikusikika kabisa, midomo tu ilikuwa inatembea.

Mjane alimshika Nyamizi mkono. "Wewe ndiye dada wa birika, sivyo? Alikuwa anakutaja. Alisema asubuhi lazima mpungiane."

"Ndiyo," Nyamizi alisema.

"Ile kazi yako hasa huwa ni ya nini?"

Nyamizi alifungua mdomo. "Pole sana, dada," alisema. "Pole sana."

*

Siku ya Mheshimiwa ilifika. Jukwaa lilijengwa juu ya mteremko kando ya kizuizi cha kunawa, likazungushiwa nusu mapipa yaliyojazwa mchanga mwekundu, na ndani ya mchanga yakachomekwa maua yaliyokatwa asubuhi ile ile, bila mizizi, kwa kuwa hayakutarajiwa kuishi baada ya chakula cha mchana. Msimamizi wa makofi, kijana mwembamba aliyevaa glavu nyeupe, alisimama mahali ambapo kila mtu angemwona. Akiinua mikono, watu walipiga, akiishusha, waliacha.

"Ndugu wananchi!" Mheshimiwa Mbeleka alisema. "Nchi nyingine zina barabara za kupitia. Sisi tuna barabara za kutazamwa!"

Glavu zikapanda. Makofi.

"Wapo wanaosema barabara iwe na makwaruzo. Nawauliza: mwanao ukimpaka mafuta, unampaka na kokoto?"

Makofi na vigelegele.

Ni hapo lilipotokea gari la wagonjwa kutoka zahanati, linapiga honi. Askari wakalisimamisha kwenye kizuizi. Ngoda alitoa kichwa dirishani, na kwa nyuma akachungulia Sista Ndeshi, muuguzi, jasho likimtiririka.

"Tunaomba njia, mwanangu," Sista alimwambia askari. "Mtoto amekaa vibaya. Mama huyu anahitaji daktari."

Askari walisema haiwezekani, Mheshimiwa hajazindua. Ndani ya gari mwanamke alitoa sauti ndefu ambayo haikuwa kwenye ratiba. Mheshimiwa aliisikia, na uso wake ukang'aa kwa wazo.

"Pisheni! Nani kasema wasipite? Gari la kwanza kushuka leo lisiwe langu. Liwe hili la mama anayejifungua! Kamera ziko wapi? Nami nitalinawisha kwa mikono yangu."

Makofi yalitikisa turubai. Mheshimiwa alishuka jukwaani, akavuliwa koti, akapewa beseni lililotiwa sabuni na marashi. Alichuchumaa mbele ya tairi. Alilisugua taratibu, akitazama kamera, kisha la pili, kisha akazunguka upande wa pili. Povu lilijaa chini ya gari, likaanza kushuka mteremkoni juu ya nta. Nyamizi, aliyekuwa amesimama nyuma ya Mkurugenzi, alilifuata kwa macho. Povu lilikwenda, likakunja kidogo kwenye kona, likatoka nje ya barabara, likatumbukia bondeni. Halikukwama popote.

"Kabla gari halijaondoka," mshereheshaji alitangaza, "Mkaguzi wetu atathibitisha ubora."

Alisukumwa mbele. Akapewa kipaza sauti. Kilikuwa kizito kuliko alivyodhani.

"Mheshimiwa Waziri," alisema, na akashtuka kusikia sauti yake ikirudi kutoka mlimani. "Naomba kusema kwamba pengine ingekuwa vyema..."

Glavu zilipanda. Makofi.

"Yaani, hali ya mshiko si ya kuridhisha sana..."

Makofi makubwa zaidi. "Mmemsikia!" alipaza sauti Mheshimiwa, mikono yake imejaa povu. "Haridhiki! Anataka zaidi! Huo ndio moyo wa ujenzi!"

"Tungeweza labda kufikiria..."

Vigelegele. Kizuizi kikainuliwa. Ngoda akawasha gari, akampungia mkewe mkono kwa furaha ya kumwona mkubwa vile mbele ya watu. Bwana Lukindo alikuwa anatazama viatu vyake.

Nyamizi alikiweka kipaza sauti juu ya meza, kwenye sahani ya karanga. Aliteremka jukwaani, akapita kati ya kamera, akaenda akasimama mbele ya boneti la gari. Miguu ilikuwa inamteleza juu ya povu, ikabidi ashike taa kwa mikono miwili.

"Mama mkaguzi, vipi?" Ngoda aliita. "Nina mgonjwa!"

Neno lililomjia kwanza lilikuwa *labda*. Alilimeza.

"Usishuke," alisema.

"Nini?"

"Usishuke, Ngoda! Barabara inateleza!" Sauti haikuwa yake, ilikuwa kubwa na ilipasuka katikati. "Inateleza toka siku ile walipoipaka nta. Sengo aliuawa na hii nta. Ukishuka hapo na matairi yenye sabuni utakufa, na mama huyo atakufa, na mtoto wake. Nimeipima! Naipima kila siku!"

Msimamizi wa makofi aliinua mikono, akatazama kushoto, akatazama kulia, akaiacha pale pale juu, hajui aipeleke wapi. Mheshimiwa alisimama na beseni lake. Ndani ya gari yule mwanamke alitoa tena sauti ndefu.

"Siku zote hizi tumesugua," Mama Kidawa alisema taratibu, kama anayejiambia mwenyewe. Kisha alivuta pumzi zake zote za watu wawili, akaweka mguu kwenye pipa la maua lililokuwa karibu, akalisukuma. Lilianguka. Mchanga ukamwagika, maua yakawa juu.

"Mnangoja nini?" aliwafokea wenzake. "Mwageni! Njia nzima, mpaka kule chini kwa madaktari!"

Wakaanza. Pipa moja baada ya jingine lilibingirishwa, kanga zikajazwa mchanga, wanawake wakashuka mteremko wameshikana viunoni wasiteleze, wakirusha kama wanaopanda mbegu. Bwana Lukindo alikuwa ameinama kwenye pipa lake peke yake, halisogei, anasukuma.

Ngoda alizima gari. Alimtazama mkewe kupitia kioo, kisha akatoa kichwa nje. Hakuwa anacheka.

"Kwa nini hukuniambia nyumbani?"

"Niliona haya."

"Haya ya nini, Nyamizi?"

Kamera zote zilikuwa juu yake, na Waziri, na mji mzima. Hakuachia taa.

"Nakupenda," alisema. "Nataka urudi nyumbani ukiwa hai."